Watu Kumi na Saba, Koti Moja

Mtu akikaa mbele ya kamera, mwambie afumbe macho kwanza. Hesabu moja, mbili, tatu, ndipo umwambie afumbue, na hapo hapo wewe ubonyeze. Hatapepesa. Ninyi mnaopiga picha mia kwa simu halafu mnachagua moja hamwezi kuujua uchungu wa filamu ya picha thelathini na sita, umefika ya mwisho, na mteja amefumba macho kama anasali. Mimi nimeujua kwa miaka thelathini na minne pale Kasulu, kwenye kibanda changu jirani na stendi, chenye pazia la bluu na stuli yenye mguu mmoja mfupi.

Juzi ninyi vijana mliopanga kibanda hicho mlileta koti la suti na tai, mkatundika msumarini ili wateja waazime wapendeze. Nikafoka. Nilifoka vibaya mpaka yule dada wa saluni jirani akatoka nje na kitana mkononi. Mniwie radhi kwa kelele, lakini si kwa nilichosema. Koti hilo litoke. Kaeni chini basi niwaambie kwa nini, maana mmeniuliza vizuri na mimi sikuwajibu vizuri.

Kazi hii nilifundishwa na Mzee Hamisi, mtu wa Ujiji, mkali kama pilipili. Alinifanya nifagie studio miezi minne kabla sijashika kamera. Siku ya kwanza kuingia chumba cha giza kusafisha picha niliwasha taa ili nione vizuri. Harusi nzima ikaungua, bibi harusi na wapambe wake wote. Mzee Hamisi hakunipiga. Alinituma kwa miguu mpaka kwa baba wa bibi harusi nikamwambie mwenyewe kwa kinywa changu. Huko nilitukanwa na ukoo mzima, kuanzia shangazi. Niliporudi akaniuliza, "Umekufa?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi siku nyingine ukikosea, nenda mapema." Ningemsikiliza mzee yule, leo nisingekuwa na la kuwasimulia.

Koti lilikuwa lake. Alilinunua mnadani, kwenye mitumba, rangi ya bluu iliyokolea, na aliponiachia studio akaniachia na koti. Wateja wetu walikuwa wakulima wa Titye, Kitanga na vijiji vya huko juu. Mtu ametoka shambani na fulana iliyochanika begani, anataka picha ya pasipoti ya kubandika kwenye barua. Unamvalisha koti, unamfunga tai, mgongoni unabana kwa vibanio vya nguo mpaka likae sawa. Mnene, mwembamba, mrefu, mfupi, wote waliingia humo. Kwa mbele bwana mkubwa, kwa nyuma kamba ya kuanikia nguo. Mke wangu aliwahi kuliunguza kwa pasi ya mkaa, ikabaki alama ya ncha ya pasi kwenye ukosi wa kushoto. Hakuna mteja aliyelalamika. Huko Titye kuna nyumba ambamo baba, mjomba na shemeji wote wako ukutani na koti langu, na sisi tulikuwa tukicheka.

Sasa mwaka ule wa elfu mbili kumi na tatu ikatoka amri. Wageni wote wasio na vibali waondoke kwa hiari yao, na watakaobaki wataondolewa. Redioni asubuhi, redioni mchana. Msiniletee usoni ile ya kusema watu walionewa tu, hapana. Miaka hiyo mabasi yalitekwa kati ya Kasulu na Kibondo, watu walivuliwa mpaka viatu, na serikali yoyote ina haki ya kujua nani yuko ndani ya nyumba yake. Kwenye benchi la kahawa tulisema, "Waondoke, watuachie nchi yetu." Nasema tulisema kwa sababu na mimi nilikuwapo, na nilisema kwa sauti kuliko wengine.

Nilikuwa na sababu ya kupaza sauti. Mama yangu mzazi alizaliwa ng'ambo ya mto Malagarasi, upande wa Burundi, akaolewa upande huu, akanizaa kijijini Heru. Nusu ya watu wa nyanda hizi wako hivyo. Kiha na Kirundi vinakaribiana mpaka mtu kutoka Dodoma au Moshi hawezi kujua nani anasema kipi. Majina ni yale yale: Bukuru, Butoyi, Minani, huku wapo na kule wapo. Lakini mwaka ule kila mmoja alimsahau bibi yake. Mimi nilimsahau mama.

Watu wakaanza kumiminika studio. Kila mtu alitaka barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kijiji, na barua ilitaka picha, ili muhuri ukanyage nusu picha nusu karatasi. Siku moja akaja Stefano Butoyi wa Kitanga na majirani zake wanane, wamepakiana kwenye pikipiki tatu. Butoyi nilimjua. Mtu wa miaka arobaini hivi, mpole, mkulima wa kahawa na maharage, anajua kusoma na kuandika, kwa hiyo majirani walimtegemea kwenye mambo ya karatasi. Wazazi wake walivuka naye akiwa mgongoni, siku za zile ghasia za zamani za kwao. Alikulia Kitanga, akaoa Kitanga. Mkewe, Adela, ni Muha wa Titye, watoto wao wanne walisoma shule ya hapo hapo.

"Mzee, tupige wote leo leo," akasema. "Mtendaji yuko ofisini mpaka saa tisa."

Nikawapiga mmoja baada ya mwingine, koti linatoka mwili huu linaingia mwili ule likiwa bado na joto. Wiki ile nilipiga na wengine wanane kwa koti lile lile. Jumla kumi na saba.

Mnaona inakokwenda? Mimi sikuona. Kwangu mimi koti ni kama stuli, ni kifaa cha kazi. Nani anahesabu ni picha ngapi zimepigwa kwenye stuli moja?

Alihesabu afisa mmoja kijana aliyeletwa kutoka mkoa wa mbali kwa kazi ile. Barua zilikusanywa mezani kwake zihakikiwe. Akaona koti. Akaona koti tena. Akazipanga zile picha kama karata, wanaume kumi na saba, tai moja, alama moja ya pasi kwenye ukosi. Kwa akili yake, na mimi simlaumu kwa hilo, hizi karatasi zilitengenezwa mahali pamoja na dalali mmoja anayewauzia wageni utambulisho. Barua zote kumi na saba zikawekwa pembeni, wenye nazo wakakamatwa wakahifadhiwa kwenye uzio wa ghala la mazao. Na walipoulizwa nani aliwapeleka kupiga picha, wale wanane wa Kitanga wakajibu kwa moyo mweupe, "Butoyi ndiye alitupeleka." Basi dalali amepatikana.

Hayo yalitokea Jumatatu. Mchana ule ule kondakta mmoja akaja kuninong'oneza, "Baba Edita, wanamtafuta mpiga picha." Nilishusha pazia, nikafunga kibanda, nikapanda basi la Kibondo. Koti nilikuwa nalo kwenye mfuko wa salfeti. Nilikwenda kwa shemeji yangu kule Kumsenga, nikasema nimekuja kusalimia.

Jumatano asubuhi Adela akafika. Sijui alijuaje nilipo, nadhani mke wangu alishindwa kumficha. Alikuja kwa basi halafu kwa bodaboda, na alikuwa mjamzito wa miezi mitano, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Alikaa kwenye kigoda, akakataa uji.

"Baba Edita, mwakeye," akasema. Ndiyo salamu yetu ya asubuhi. "Wanasema picha ni za kughushi. Wanasema mume wangu anauza karatasi. Ijumaa asubuhi lori linaondoka kwenda mpakani na jina lake ni la kwanza."

"Pole sana, mama."

"Sikufuata pole. Nimefuata koti. Lilete walione, basi. Mwenye koti akisema ni langu, kila mtu huvaa, mambo yameisha."

"Nitakuja kesho."

"Twende leo. Bodaboda inanisubiri."

"Kesho, mama. Kesho asubuhi na mapema niko Kasulu."

Akanitazama. Nikamwambia achukue koti atangulie nalo, akasema koti bila mwenyewe ni kitambaa tu, watamwambia amelinunua jana sokoni. Alikuwa sahihi. Akaondoka peke yake.

Shemeji yangu alikuwa amesikia yote kutoka jikoni. Akaja akasimama mlangoni. "Ukienda," akasema, "jambo la kwanza watakuuliza jina. La pili watakuuliza mama yako ni mtu wa wapi."

Alhamisi sikwenda. Nilijiambia mvua ilinyesha. Ilinyesha kweli, lakini kidogo tu, na magari mawili yalipita barabarani nikayatazama kwa macho yangu yakitelemka kuelekea Kibondo, njia ya kurudi Kasulu. Nilikaa na mfuko wa salfeti miguuni, nikamenya maharage na watoto wa shemeji, debe zima. Hiyo ndiyo siku ninayowaambia habari zake. Hakuna aliyenifunga kamba. Niliogopa, basi.

Ijumaa niliondoka alfajiri. Pale ofisini nilifika saa sita mchana, nikamkuta Adela amekaa chini ya ukuta. Alielekeza mkono tu upande wa barabara ya mpakani.

Niliingia kwa yule afisa bila kubisha hodi, nikaweka koti mezani juu ya karatasi zake. "Mkuu, hili hapa. Mimi ndiye mpiga picha." Akaligeuza, akaona alama ya pasi, akakaa wima. Nikamwomba askari wa mlangoni, baba mmoja mnene, alivae. Nikabana. Nikalivua, nikamvalisha karani wao mwembamba kama ufito, nikabana kwa vibanio sita. Wote wawili kwa mbele wakapendeza. Nikamgeuza karani ili mkuu aone mgongo. Yule afisa akaangua kicheko, karani naye, hata askari. Halafu kicheko kikamkatika afisa ghafla, akachukua zile picha akaziangalia moja moja, na uso wake ukawa wa mtu mwingine.

"Mzee," akasema, "ulikuwa wapi tangu Jumatatu?"

"Nilisafiri, mkuu."

"Hawa kumi na sita walikuwa waondoke kesho. Nitawaachia leo hii." Akashika picha ya kumi na saba. "Huyu ametangulia. Ni mimi niliyemtanguliza."

Sitawaambia alikuwa mtu mbaya. Aliandika barua kwa mkono wake kwamba picha ni halali na Butoyi arudishwe akahakikiwe kama wenzake, akatupa gari. Mpakani tulifika jioni tukaambiwa lori lilishusha watu saa nne asubuhi, wakavuka, wakatawanyika. Adela alisimama kwenye kile kizuizi ameshika barua. Nyumbani aliacha watoto wanne, tumboni ana wa tano, angevuka aende wapi? Alisema mara moja tu, bila kuniangalia, "Jana tungemkuta ghalani."

Na jina langu niliulizwa, nikaandika. Kuhusu mama yangu hakuna aliyeniuliza, siku ile wala mpaka leo.

Miaka miwili ikapita. Adela alituma salamu kwa wachuuzi wa maharage wanaovuka, mara tatu, hazikumfikia mumewe. Kitanga wengine walimlimia shamba kwa zamu, na mwingine, ambaye alipiga kelele sana mkutanoni kuhusu wageni, alisogeza mpaka wake hatua tano ndani ya kahawa ya Butoyi. Hayo yote kijiji kimoja. Mimi nilipeleka sukari na sabuni kila Krismasi, Adela alipokea na kunishukuru kwa adabu, na sikuwahi kukaa zaidi ya kikombe kimoja cha chai.

Kisha elfu mbili kumi na tano huko kwao kukaharibika tena. Watu wakaja kwa maelfu, na makambi yakafurika. Na wale wale wa benchi la kahawa, wale wa "waondoke", niliwaona wakibeba mahindi na blanketi kuwapelekea watoto waliofika pekupeku. Sijui niwaambieje, binadamu ndivyo tulivyo. Nilihamishia kamera kwenye gulio la nje ya geti la kambi, maana watu waliofika walitaka picha za kuwatumia ndugu zao, wajulikane wako hai.

Siku moja mtu alikaa kwenye stuli yangu. Amekonda, mvi kichwa kizima, koti hana, shati la mikono mifupi. Nikamwambia fumba macho. Akafumba. Nikahesabu, na nilipofika mbili nikainua uso kutoka kwenye kamera.

"Butoyi?"

Akafumbua. "Mzee," akasema. "Leo hunivalishi?"

Alikuwa na wiki tatu kambini. Kule alikofukuziwa hakumjua mtu, kwenye kilima cha baba yake, yaani kijijini kwao, alikuta wenyewe wengine, akaenda mbali kuchoma matofali. Nikamuuliza kama ameshaandikishwa.

"Nimeandikishwa. Mkimbizi, kutoka Burundi." Akacheka kidogo. "Safari hii karatasi zangu hazina kasoro hata moja. Ila siruhusiwi kuvuka hili gulio bila kibali. Kitanga naiona kwa macho ya moyo tu."

Nikamwambia habari ya ile barua, kwamba alisafishwa siku ile ile. Hakuwa amejua. Miaka miwili alijificha akidhani huku bado anatafutwa kama dalali, na hata wiki hizi tatu hakumtumia mkewe salamu asije akamletea balaa. Kisha nikamwambia habari ya Alhamisi. Sikupunguza. Mvua, maharage, magari mawili, mama yangu. Watu wa gulio walikuwa wakipita na ndoo za mawese, mimi nalia kama mtoto mbele ya kamera yangu mwenyewe.

Sikumwomba anisamehe na yeye hakusema amenisamehe. Aliuliza, "Adela alijifungua?"

"Alijifungua. Wa kike, Roza. Ana mwaka na nusu."

Akashika magoti yake kwa mikono miwili. "Nenda kamlete," akasema. "Leo. Usiniambie kesho."

Nilikodi pikipiki nikaenda hapo hapo, kamera nikamwachia muuza mihogo. Nawaambieni hili kabla sijamaliza, maana ndilo mliloniuliza: mteja apigwe picha akiwa na nguo yake, hata kama ni fulana iliyochanika begani, awe yeye. Na ukijua neno linaloweza kumtoa mtu kifungoni, usilale nalo. Baadaye tulihangaika kumtoa Butoyi kambini, barua juu ya barua, na ile barua ya yule afisa ilisaidia, ikachukua miezi. Hayo mtayasikia kwake mwenyewe, bado yuko Kitanga.

Adela alifika alasiri, Roza mgongoni. Butoyi alikuwa amenawa uso na kusimama pale pale penye stuli. Hawakukumbatiana, sisi watu wa huku hatufanyi hivyo gulioni. Adela alisema, "Umekonda," naye akasema, "Umechoka." Kisha akanyoosha mikono ampokee mtoto. Roza akamtazama yule mtu, akapiga ukelele, akajitupa nyuma, akamng'ang'ania mama yake shingoni mpaka kitenge kikafunguka. Butoyi akarudisha mikono taratibu.

"Mwache," akasema. "Hanijui. Atanizoea."

Adela akanigeukia. Kwa miaka miwili hakuwa amenitazama machoni namna ile. "Tupige picha," akasema.

"Tungoje mtoto anyamaze, mama."

"Hapana. Piga hivyo hivyo anavyolia. Nataka iwepo."

Nikapiga.